Ujira na Jina

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii hutajwa sana barazani, na aghalabu hufahamika kwamba hata mtu asiyependwa hafai kunyimwa sifa aliyoichuma kwa jasho lake. Lakini methali yenyewe haikubainisha ni haki gani apewe. Mwenye kutenda kazi ana haki mbili ambazo kwa desturi hufuatana hata zikadhaniwa kuwa ni moja: haki ya kulipwa na haki ya kutajwa. Je, anayeilipa ile ya kwanza huwa ameilipa na hii ya pili? Swali hili huonekana dogo mpaka litokee mahali ambapo ujira ulikuwa haba, na kazi iliyolipiwa ujira huo ikaja kuwa na thamani isiyotarajiwa na yeyote.

Mfano mmoja wa hali hiyo umo katika jalada la sahani ya santuri iliyotolewa Machi 1973 na kundi la muziki wa roki la Uingereza, Pink Floyd. Sahani hiyo huitwa The Dark Side of the Moon. Ilirekodiwa katika studio za kampuni ya EMI, Abbey Road, London, kuanzia katikati ya mwaka 1972 hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Inakadiriwa kwamba zaidi ya nakala milioni 40 zimekwisha kuuzwa duniani, na baina ya 1973 na 1988 ilikaa wiki 741 katika orodha ya Marekani ya albamu 200 zinazoongoza kwa mauzo. Wanamuziki wa kundi walikuwa wanne: Roger Waters aliyepiga gitaa la besi, David Gilmour aliyepiga gitaa, Richard Wright aliyepiga vinanda, na Nick Mason aliyepiga ngoma. Katika jalada iliandikwa nani alitunga nini. Maneno ya nyimbo zote yalikuwa ya Waters. Muziki uligawanywa wimbo kwa wimbo: huu wa mtu mmoja, ule wa wawili, mwingine wa wote wanne. Utayarishaji uliandikwa kwa jina la kundi zima.

Wako wanaoiona orodha ya namna hiyo kuwa ni pambo la jalada. Kwa hakika ni daftari, na wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila aliyeandikwa kuwa mtunzi hupata mrabaha sahani inapouzwa na wimbo unapopigwa redioni, na mrabaha huo hurithiwa na wanawe baada yake. Aliyeitwa studio kuimba au kupiga ala kwa siku moja, kwa kawaida, hupewa ujira wa siku hiyo na hesabu ikafungwa. Basi orodha hiyo ina nyuso mbili. Mhasibu huisoma kama mgao wa fedha, na msikilizaji huisoma kama ushahidi wa yaliyotendeka. Nyuso hizo zikipatana, hakuna anayeuliza. Zikihitilafiana, ndipo hubainika kwamba mambo yaliyodhaniwa kuwa ni moja yalikuwa mawili tangu awali.

Hitilafu kubwa kabisa katika sahani hii ilihusu wimbo wa tano, uitwao "The Great Gig in the Sky", unaofunga upande wa kwanza. Wright ndiye aliyetunga mfuatano wa sauti za piano ulio msingi wake. Mwaka 1972, kundi lilipokuwa likiupiga jukwaani kabla ya kuurekodi, juu ya piano hiyo ziliwekwa kanda zenye masomo ya dini, kwani maudhui yaliyokusudiwa yalikuwa mauti. Ilipofika Januari 1973 sahani ilikuwa karibu kukamilika, na mahali hapo palikuwa bado pakitafutiwa kitu cha kufaa. Fundi wa sauti, Alan Parsons, akapendekeza aitwe mwimbaji wa studio aliyekuwa na umri wa miaka 25, Clare Torry.

Mwanamke huyo alikuja siku ya Jumapili, na kwa kuwa ni siku ya mapumziko alilipwa ujira maradufu, pauni 30. Aliambiwa kwamba wimbo hauna maneno. Hakupewa tuni iliyoandikwa wala mtu wa kumtangulia ili yeye afuate. Alipoanza kwa maneno mepesi ya mapenzi, yale yaliyozoeleka katika nyimbo, akaambiwa kwamba siyo hayo yanayotakiwa. Basi akaamua kujifanya ala miongoni mwa ala. Akapaza sauti, akaishusha, akaiachia ilie kisha akaituliza hata ikakaribia kunong'ona. Aliimba mara mbili na sehemu ya mara ya tatu, akaenda zake, akiamini kwamba kazi yake haitatumiwa. Alikuja kujua kwamba imetumiwa alipoiona sahani dukani na kulikuta jina lake katika jalada.

Hapa inafaa haki itendeke kwa pande zote. Jina la Clare Torry halikufichwa. Liliandikwa kwamba yeye ndiye mwimbaji, na hilo lilikuwa kweli. Utunzi uliandikwa wa Richard Wright peke yake, na ubishi ulikuwa hapo. Wright alitunga, hapana shaka. Swali ni iwapo alitunga peke yake.

Hoja za kulitetea jalada la awali si nyepesi. Ya kwanza ni ridhaa: mwimbaji alijua ujira wake, akaukubali, akaupokea. Ya pili ni kwamba mwaliko ulikuwa wa wengine. Kundi ndilo lililokuwa na dhamira, likachagua wimbo, likaamua ni sehemu zipi za sauti yake zibakizwe na zipi ziachwe. Mwashi anayejenga ukuta hadai kwamba nyumba ni yake. Ya tatu ni hatari ya hasara: lau sahani ile ingeoza dukani, asingetokea mtu wa kudai sehemu ya hasara, na pauni 30 zingebaki kuwa zake. Anayedai faida baada ya kuiona, ilhali hakuwa tayari kubeba hasara, huonekana amekuja shambani wakati wa mavuno.

Hoja ya tatu ina nguvu katika mambo ya fedha. Lakini haihusiki na swali la utunzi, kwa kuwa utunzi hauzaliwi na faida. Sahani ile ingeuza nakala kumi tu, bado kungekuwa na jibu la kweli kwa anayeuliza ni nani aliyeibuni ile njia ya sauti. Hoja ya pili ingesimama kama kungekuwako ramani. Mwashi hujenga kwa ramani ya mwingine, na ndiyo maana nyumba si yake. Mwimbaji huyu hakupewa ramani, alionyeshwa kiwanja. Na yako mambo yanayothibitisha kwamba alichokiacha kilikuwa tungo, wala hakikuwa madoido ya kupita. Kundi lilipofanya ziara miaka ya baadaye, zikiwamo zile za 1988 na 1994, wimbo huo uliimbwa na wanawake wengine, nao walilazimika kuifuata njia aliyoipita yeye, mpando kwa mpando na mshuko kwa mshuko. Madoido ya mwimbaji huondoka naye. Kinachoweza kujifunzwa na mwingine, na msikilizaji akanung'unika kikibadilishwa, kimekwisha kuwa sehemu ya wimbo wenyewe.

Inabaki hoja ya kwanza, ya ridhaa, nayo ndiyo inayogusa kiini cha jambo. Watu wawili wanaweza kukubaliana bei ya kitu chochote kilicho halali. Wanaweza kukubaliana kwamba saa tatu za kuimba zina thamani ya pauni 30, na makubaliano hayo yakawa ya haki hata kama baadaye mmoja atajuta. Hawawezi kukubaliana nini kimetokea. Lililotokea limetokea, na bei haina uwezo wa kuligeuza. Ujira ulinunua muda wa mwimbaji, ukanunua na ruhusa ya kuitumia sauti yake. Haukununua, wala haungeweza kununua, kauli kwamba tuni ile ilibuniwa na mtu mwingine. Kauli kama hiyo huwa kweli au huwa si kweli, na asiyeisahihisha kwa sababu amelipwa huwa hajaifanya kuwa kweli.

Mataifa yalikwisha kulitambua jambo hili kabla ya sahani yenyewe. Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa ulipopitiwa upya mjini Roma mwaka 1928, uliongezwa kifungu kinachotenganisha haki za kiuchumi za mtunzi na haki yake ya kudai kwamba kazi ni yake, na kikaeleza kwamba hii ya pili hubaki hata baada ya zile za kwanza kuhamishiwa kwa mwingine. Mtu akiuza shamba, shamba huondoka na minazi yake. Mtu akiuza shairi, huondoka kila kitu isipokuwa ukweli kwamba ni yeye aliyelitunga.

Clare Torry alikaa kimya kwa miaka mingi. Mwaka 1990 aliimba tena wimbo huo na kundi katika tamasha la Knebworth, Uingereza. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 2004 alifungua mashtaka dhidi ya kundi na kampuni ya EMI akidai sehemu ya utunzi, na mwaka 2005 pande hizo zilipatana nje ya mahakama kwa masharti ambayo hayakutangazwa. Tangu hapo sahani zinazochapishwa huandika majina mawili kwa wimbo huo, Wright na Torry. Wright alifariki mwaka 2008, na kwa hiyo aliwahi kuliona jina la pili likiwekwa kando ya lake. Piano yake haikupungua hata sauti moja kwa sababu hiyo.

Kuna waliouliza kwa nini dai lichelewe zaidi ya miaka 30. Swali kama hilo lilifika mbele ya majaji wa Uingereza katika kesi nyingine, ya mpiga kinanda Matthew Fisher, aliyedai sehemu katika wimbo "A Whiter Shade of Pale" wa kundi la Procol Harum, uliotolewa mwaka 1967. Alidai mwaka 2005. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilimtambua kuwa mtunzi mwenza na kumpa asilimia 40 ya haki ya muziki wake, na mwaka 2009, baada ya rufaa, Baraza la Malordi likaithibitisha haki hiyo. Fedha alizopewa ni za kuanzia alipofungua dai. Za miaka iliyotangulia hakuzipata. Kuchelewa kulimkosesha mali, lakini hakukumwondolea utunzi. Majaji hao walikuwa wakitafsiri sheria za nchi yao, wala hawakukusudia kuandika falsafa, ila walipoipima mizani waliona kwamba pande zake mbili hazikubeba kitu kimoja.

Iwapo kumnyima mtu jina lake ni dhuluma, je, kumpa asilolichuma ni wema? Sahani hiyohiyo ina mfano. Wimbo wa kwanza, "Speak to Me", ni mkusanyiko mfupi wa sauti: mapigo ya moyo, saa, mashine za fedha, vicheko na vipande vya mazungumzo, vyote vikidokeza yatakayosikika mbele. Umeandikwa kuwa utunzi wa Nick Mason peke yake. Baada ya Waters kuliacha kundi kwa ugomvi katika miaka ya 1980, alieleza kwamba alimwachia Mason utunzi huo kama zawadi ili naye apate mrabaha, na kwamba alikuja kuijutia zawadi hiyo. Gilmour na Wright kwa upande wao walisema kwamba Mason aliutunga mwenyewe.

Si lazima msomaji aamue nani anasema kweli ili aone somo lililomo. Kama ilikuwa zawadi, basi kilichotolewa hakikuwa cha kutolewa. Fedha huweza kupewa rafiki, na kuwapo kwake mkononi mwa rafiki hakumdanganyi mtu. Jina la mtunzi ni ushahidi, na ushahidi unaotolewa kwa mapenzi juu ya jambo ambalo halikuwa ni ushahidi wa uongo, hata kama moyo uliousema ulikuwa safi. Nia ile njema ingetimia vizuri zaidi kwa kugawana mrabaha na kuliacha daftari liseme lililo kweli. Na kama haikuwa zawadi, bali Mason kweli ndiye aliyeikusanya kazi hiyo, basi kuiita zawadi ni kumnyang'anya mara mbili: kwanza kazi yake, kisha heshima ya kuwa aliichuma. Kwa vyovyote, jina lilipochanganywa na fedha, urafiki ulipokwisha halikubaki hata moja lililo wazi. Oktoba 2023 Waters alitoa toleo lake mwenyewe la sahani nzima, lililorekodiwa bila ya wenzake, baada ya kutangaza hadharani kwamba kazi ile aliiandika yeye. Miaka 50 ilikuwa imepita, na bado watu walikuwa wakizozana juu ya ukurasa mmoja wa jalada.

Itasemwa kwamba kanuni hii ikifuatwa, hakutakuwa na mwisho. Parsons ndiye aliyezirekodi saa nyingi za kale, moja moja, katika duka la muuza saa, na mlio wao ndio unaoufungua wimbo uitwao "Time". Dick Parry alipiga saksafoni inayokumbukwa na kila aliyeisikia. Bawabu wa studio aliulizwa maswali, na sauti yake imo ndani ya sahani hadi leo. Chris Thomas aliletwa mwishoni kusimamia uchanganyaji wa sauti. Kidole kimoja hakivunji chawa. Je, vidole vyote viitwe watunzi? Vikiitwa hivyo, neno mtunzi litakosa maana, na aliyebuni na aliyebeba vyombo watakuwa sawa.

Jibu ni kwamba haki ya jina si haki ya kuitwa mtunzi. Ni haki ya kuitwa kile ambacho mtu alikuwa. Parsons aliandikwa fundi wa sauti, na ndivyo alivyokuwa, na ufundi huo ulimpa sifa iliyomfungulia njia ya kuongoza kazi zake mwenyewe. Thomas aliandikwa msimamizi wa uchanganyaji, na hilo linatosha kwa kuwa ni kweli. Kumwita fundi mtunzi ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kumwita mtunzi mwimbaji tu ni kumkata nusu. Kipimo kinaweza kuwa hiki: aliyetenda alifuata njia iliyokwisha kuchorwa, au aliichora yeye, hata wengine wakaifuata? Kipimo hicho hakimalizi kila ugomvi. Saksafoni ya Parry inakaa karibu sana na mpaka, na watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana juu yake. Lakini ugumu wa kuujua mpaka ulipo haumaanishi kwamba mpaka haupo.

Iko njia nyingine ya kuukwepa ugomvi, na ilifuatwa na kundi ambalo Unguja ina sehemu ndani yake. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alikuwa mwimbaji wa Queen. Mwaka 1975 kundi hilo lilitoa sahani ndogo yenye "Bohemian Rhapsody", utunzi wa Mercury, na nyuma yake wimbo wa mpiga ngoma Roger Taylor, "I'm in Love with My Car". Aliyenunua upande mmoja alikuwa amenunua na wa pili, hivyo watunzi hao wawili walipata mrabaha sawasawa kwa kila nakala, na jambo hilo likazua manung'uniko. Ilipofika 1989, katika albamu The Miracle, waliafikiana kwamba nyimbo zote ziandikwe kwa jina la kundi. Amani ikapatikana. Huo haukuwa uongo, kwa kuwa kila msomaji wa jalada alijua kwamba jina hilo ni la ubia. Hata hivyo amani hiyo ilikuwa ya wenye nyumba. Mgeni aliyeitwa kwa siku moja, kama yule mwanamke wa Jumapili, asingefaidika nayo hata chembe.

Washairi wa pwani walikuwa na njia yao iliyo bora zaidi, nayo imo katika bahari iitwayo takhmisi. Mshairi huichukua mistari miwili ya aliyemtangulia, akaongeza mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Katika Takhmisi ya Liyongo, beti za kale hunasibishwa na Fumo Liyongo mwenyewe, na nyongeza hunasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Msomaji anayeijua bahari hiyo huona kila mkono ulipoishia na mwingine ulipoanzia. Hakuna aliyemmeza mwenziwe, na shairi limebaki moja.

Lakini pwani hiyohiyo isijione imesalimika. Katika taarab wimbo hujulikana kwa jina la mwimbaji, na mara nyingi aliyetunga mashairi na aliyetia muziki hujulikana na wachache waliokuwapo. London mwimbaji alinyimwa jina la mtunzi. Huku mtunzi hufunikwa na jina la mwimbaji. Kosa ni moja lililogeuzwa. Wengi wa waliofunikwa hivyo walilipwa, au walitunga kwa mapenzi wala hawakutaka malipo, na kwa hiyo hudhaniwa kwamba hawadai kitu. Nao aghalabu hawana pa kushtaki, wala kampuni ya kushtakiwa. Kilicho mikononi mwa walio hai ni kuandika, juu ya kila kanda, kila sahani na kila diwani, nani alitunga maneno, nani alitia muziki, nani aliimba na nani alirekodi, maadamu wenye kukumbuka bado wapo na wanaweza kuulizwa.